Mwenye shamba na jirani wa chini

Watu wengi hudhani kwamba mwenye kuliacha shamba lake hamdhulumu mtu. Mali ni yake. Akitaka atalima, akitaka ataacha magugu yaote. Twapenda kuitazama dhana hii, kwa kuwa ndani yake mna kweli na mna ghururi, na wengi wetu hapa mjini tuna mashamba ya urithi tusiyoyakanyaga mwaka hata mwaka.

Kweli yake ni hii. Ardhi ya mteremko ilimwayo kila mwaka huwa wazi mvua za kwanza zinaponyesha. Matone huuvunja udongo na kuviziba vitundu vyake, na maji yasipate kuzama, yakateremka nao. Ardhi hiyo ikiachwa mahali penye mvua ya kutosha, huota nyasi, kisha vichaka, na mizizi ikaushika udongo. Katika milima ya Pyrenees, upande wa Uhispania, mashamba mengi ya miteremkoni yaliachwa katika karne ya 20. Miti ikarudi, na mito ikawa yabeba maji na udongo kidogo kuliko zamani. Hapo aliyeacha hana lawama.

Lakini tazama Yemen. Milima yake ya magharibi, kama Haraz na Rayma, imekatwa ngazi kwa ngazi tangu karne nyingi kabla ya Uislamu, na kila ngazi ina ukuta wa mawe yaliyopangwa pasi na chokaa. Ukuta huzuia udongo na mvua, na maji yanayozidi hushukia ngazi ya pili polepole. Ukuta wa namna hii wataka mkono wa mtu kila msimu. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, wanaume wengi mno walikwenda Saudia kutafuta mishahara. Nafaka ya kununua ikawa rahisi kuliko mtama wa mlimani, na wazee na wanawake waliobaki hawakuweza kurudisha kila jiwe lililoanguka. Jiwe moja likitoka, maji hupata mlango. Udongo wa juu huuelemea ukuta wa chini, nao ukaanguka. Mwisho mawe na mchanga hufunika shamba la mtu wa bondeni ambaye hakuacha chochote. Mwaka 1990 na 1991 Wayemeni zaidi ya 700,000 walilazimika kurudi kwao kutoka Saudia. Wapo waliokuta kuta zimebomoka, na udongo uliolindwa na babu zao umekwenda na maji.

Hatuwalaumu kwa kusafiri. Riziki hutafutwa ilipo, na wazee wa wengi wetu walitoka Hadharamaut kwa sababu hiyo hiyo. Tusemalo ni kwamba aliyeukata mlima amejifunga. Walio chini wamelima na kujenga kwa kuutegemea ukuta wake. Mafakihi wamempa mwenye mali uhuru katika mali yake, walakini si uhuru wa kumdhuru jirani. Basi akitaka kwenda, na aweke mtu wa kuuangalia ukuta, au ampe mwenziwe shamba alilime bila kodi, kwa sharti la kurudisha mawe kila msimu. Mapatano hayo yaandikwe kabla ya safari, na jirani wa chini awe mmoja wa mashahidi.