Mavi ya Ng'ombe ni ya Nani?

Ndugu msomaji, usicheke kichwa cha habari. Swali hili limeninyima usingizi.

Kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, samadi ilikuwa hainyimwi mtu. Bibi jirani, mjane asiye na ng'ombe, alikuwa akija asubuhi na karai lake, anachota, anapeleka migombani kwake. Basi baba akajenga mtambo wa bayogesi, na samadi ikawa mali.

Mtambo wenyewe si uchawi. Unakoroga samadi na maji, ndoo kwa ndoo, unamimina kwenye kuba lililojengwa ardhini. Humo hewa haiingii. Vijidudu vinakula, gesi inapanda, inafuata bomba hadi jikoni. Mama hakohoi moshi tena. Hilo silibezi hata kidogo, wala kazi ya CAMARTEC ya Arusha, iliyohangaika na mitambo hii tangu miaka ya 80.

Lakini ati ni nishati ya mnyonge. Mnyonge yupi? Asiye na ng'ombe atamimina nini? Siku bibi alipokuja nilimwamkia shikamoo, nikamwambia leo hakuna. Akaitikia marahaba, akageuka na karai tupu.

Kumbe uji unaotoka upande wa pili wa mtambo bado ni mbolea, tena nzuri! Tungewasha jiko na bado tukampa. Sasa je, nilimnyima kwa kutojua, au mtu akishapata bomba jikoni huanza kuhesabu?

Juzi nilimpelekea ndoo mbili. Alipokea. Ila kwetu hajaja tena na karai lake.