Je, Kuwa na Mtu Mtandaoni ni Kuwa Naye?



Leo nataka tutafakari swali ambalo wengi wetu tulitoka nalo mwaka 2020 bila kulijibu: ukiongea na mtu kwa simu, kwa video au kwa meseji, je, uko naye? Ama uko na picha yake tu?

Mnakumbuka vile mambo yalikuwa hapa Kenya. Katikati ya Machi shule zilifungwa, na kabla mwezi haujaisha makanisa nayo yakafungwa. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni hiyohiyo kule Roma, Papa Fransisko alisali katika Uwanja wa Mtakatifu Petro ukiwa mtupu, mvua ikinyesha, akaubariki ulimwengu kwa Sakramenti Takatifu. Jumuiya zetu ndogo ndogo zikahamia WhatsApp. Rozari ikasaliwa kwa sauti za kurekodi, mmoja anatuma fumbo la kwanza, mwingine la pili. Misa tukaifuata kwa redio, TV na YouTube.

Kuna wanaosema ile haikuwa jumuiya, ilikuwa sinema. Mimi sikubali. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na Filemoni pia. Hakungoja minyororo ifunguliwe ndipo awapende. Barua ilikuwa njia aliyokuwa nayo, akaitumia, na sisi bado tunaisoma kanisani. Vilevile, mtu aliyefungiwa peke yake kwenye chumba cha kupanga, saa nne usiku, barabara kimya, akipata meseji ya "uko aje, umekula?", amepokea upendo wa kweli. Hajapokea picha ya upendo. Umbali haulifanyi neno la kweli kuwa uongo.

Lakini hapo ni nusu ya jibu. Kwenye kitabu cha Aristotle tunachokisoma sana falsafa, Maadili kwa Nikomako, kuna mawazo mawili yanayotusaidia. La kwanza: umbali hauui urafiki, ila unauzuia usitende kazi yake, na ukikaa muda mrefu unaleta usahaulifu. La pili: kuishi pamoja kwa binadamu ni kushirikiana maneno na mawazo, tofauti na ng'ombe ambao kwao inatosha kulishwa malisho mamoja.

Hebu tujipime kwa hilo la pili. Familia inaweza kukaa sebule moja, kila mtu na simu yake, hakuna anayejua mwenzake analia ndani. Hayo ni malisho. Lakini hata kundi la WhatsApp la watu 200 wanaotumiana kadi moja ya "Asubuhi njema" yenye maua, hayo pia ni malisho. Kwa hiyo tofauti kati ya kuwa na mtu na kutokuwa naye haianzii kwenye kifaa. Inaanzia hapa: kuwa na mtu ni kumpa kitu ambacho huwezi kumfowadia mwingine. Kadi ya maua utaituma kwa watu 200 kwa sekunde moja. Saa nzima ya kumsikiliza rafiki aliyefiwa wakati mazishi yalikuwa ya watu wachache na wengi hawakuruhusiwa kusafiri, saa hiyo ni yake peke yake. Imekugharimu. Ndiyo maana ameijua kuwa ni wewe.

Imani yetu inatusukuma hatua moja zaidi. Mtakatifu Yohane, kwenye barua zake mbili fupi, anasema ana mengi ya kuandika lakini anaona afadhali aje waongee uso kwa uso. Na Mungu mwenyewe, baada ya kusema nasi kwa manabii miaka mingi, hakuishia kwenye ujumbe. Alikuja na mwili, akaguswa, akala samaki na rafiki zake. Papa Fransisko aliligusia jambo hili tarehe 17 Aprili 2020, akihubiri kwenye Misa iliyorushwa mubashara. Alionya kwamba hali ile ilikuwa ya dharura, na kwamba Kanisa ni watu halisi pamoja na sakramenti. Kipindi hicho wengi tulijifunza komunyo ya kiroho, ile sala iliyoenezwa na Mtakatifu Alfonsi Maria wa Liguori. Ni sala ya hamu. Na hamu ya kweli hutaka kutimizwa: mwenye njaa akiridhika na picha ya ugali, basi hakuwa na njaa.

Sasa nije kwa jambo linaloniumiza zaidi. Makanisa yalipofunguliwa Julai 2020, masharti yalikuwa waumini wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na watoto wa chini ya miaka 13 pamoja na wazee wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Fikiria shosho mwenye kabambe. Jumuiya ilipohamia WhatsApp, yeye hakuwa na simu ya intaneti. Mlango wa kanisa ulipofunguliwa, umri ukamzuia. Amefungiwa nje mara mbili, na ndiye aliyetufundisha Baba Yetu. Kwenye kundi la jumuiya kulikuwa na tiki za buluu na "Amina" nyingi, na jina lake halikuwepo, wala ukimya wake haukusikika.

Kumfikia hakukuhitaji bando. Simu ya kawaida ya dakika kumi jioni, kumi moja ya Rozari, wewe useme nusu na yeye nusu. Ama kusimama langoni na barakoa ukamsalimia kwa sauti. Bwana alitufundisha kumtafuta kondoo mmoja, na kwa lugha ya leo wale 99 wako mtandaoni. Swali kubwa, basi, ni nani hayupo kwenye kundi, na nani anamwendea.

Msidhani upweke huo uliisha na kafyu. Kuna dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani Saudia na Qatar, ambao simu ndiyo dirisha lao la pekee. Kwa dada kama huyo, kupigiwa kila Jumapili ni jambo kubwa, usilidharau. Kuna mgonjwa wodini, na kuna mwanafunzi mgeni chuoni anayeweka status za kuchekesha ili asiulizwe kitu.

Kwenye ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni ya mwaka 2019, Papa Fransisko alitupa kipimo rahisi: mtandao ni mali pale unapotuelekeza mezani, familia ikatazamana machoni, na jumuiya ikaadhimisha Ekaristi pamoja. Kama mkutano wa ana kwa ana unawezekana na wewe unachagua meseji kwa sababu ni rahisi, hapo upendo umeanza kupunguza bei. Kama hauwezekani, piga simu, na upige kama mtu anayetamani kufika.

Wiki hii, chagua mtu mmoja. Aliye mbali, mpigie na umpe muda wa kweli. Aliye karibu, nenda kwake kwa miguu. Na ukiwa kwenye kundi la jumuiya, soma orodha ya majina polepole, uone ni nani hayumo.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyekuja kwetu badala ya kutuita kwa mbali, utupe miguu ya kwenda na sikio la kusikiliza. Uwakumbuke walio peke yao usiku huu, na umtumie kila mmoja wao mtu. Ukitaka, unitume mimi. Amina.