Aliyeandikiwa na Aliyekubali

Kuna methali mbili ambazo wazee wetu walituachia bila kutuambia zipatanishwe vipi. Ya kwanza yasema: jitihada haiondoi kudura. Ya pili yasema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukiishika ya kwanza peke yake, utakaa barazani ukiingoja siku yako. Ukiishika ya pili peke yake, utajiona wewe ndiye uliyejiumba. Nimeishi na methali hizi kwa miaka mingi hapa Sengerema, na leo nataka kuziuliza swali moja: mtu akiambiwa kwamba amechaguliwa kwa kazi kubwa, je, ana haki ya kukataa?

Swali hili lilinijia kwa njia nisiyoitazamia. Mpwa wangu, kijana wa chuo, ni mpenzi wa vitabu vya katuni vya Kijapani viitwavyo manga. Zamani vijana wetu waligombania jarida la Sani; hawa wa leo wanasoma za Tokyo kwenye simu. Siku moja, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, tulikuwa tunangoja kivuko upande wa Busisi. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, naye akaanza kunisimulia hadithi iitwayo X. "Mjomba," akasema, "hii ni habari ya kiama, lakini si kile cha kanisani."

Hadithi hiyo ni kazi ya wanawake wanne wanaojulikana kwa jina la CLAMP. Ilianza kuchapishwa mwaka 1992, na mambo yake yanatokea Tokyo mwaka 1999. Kijana aitwaye Kamui, aliyefiwa na mama yake, anarudi mjini na kukuta amekwisha kupangiwa kazi. Pande mbili zinamngoja. Upande mmoja wapo watu saba waitwao Majoka wa Mbinguni, wanaotaka kuwalinda wanadamu. Upande wa pili wapo saba waitwao Majoka wa Dunia, wanaoona kwamba dunia haitapona mpaka wanadamu waondoke. Uamuzi wake ndio utakaoelemeza mizani. Lakini Kamui hataki. Anachotaka ni kuwalinda marafiki wawili wa utotoni, Fuma na umbu lake Kotori. Anapochagua upande wa kulinda, Fuma yuleyule anageuka kuwa adui yake, na Kotori anakufa kwa mkono wa kaka yake. Waota ndoto walikwisha kuyaona hayo. Na hadithi yenyewe ilisimama mwaka 2003, kiama hakijafika wala hakijazuiwa.

"Sasa mjomba," kijana akauliza, "kama yote yalikuwa yameandikwa, huyu alichagua nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamkumbusha tu kwamba sisi nasi tunacho kiama chetu, tena cha zamani kuliko hicho.

Kila aliyekulia Usukumani, akaota moto jioni kwenye shikome pamoja na wazee, amesikia habari za zimwi Shing'weng'we. Zimwi hilo lilimeza watu wote na mifugo yote, nchi ikabaki kimya. Aliyesalia ni mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akajifungua mtoto wa kiume, naye ndiye Masala Kulangwa. Jina lake linabeba neno la akili. Mtoto alipokua alimwuliza mama yake: watu wengine wako wapi? Mama akamweleza. Tangu hapo kijana akawa anatoka kwenda kulitafuta zimwi. Alirudi na panzi, akidhani ndilo. Mama akamwambia silo. Akarudi na ndege, kisha na mnyama mkubwa zaidi, na kila mara jibu likawa lilelile. Mwishowe akalipata zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka.

Ngano hii husimuliwa kwa namna nyingi, lakini tazama jambo moja. Hakuna mtabiri ndani yake. Hakuna ndoto wala mzee anayemshika bega kijana na kumwambia kwamba nyota zimemteua. Kazi yake ilianza na swali lake mwenyewe. Kamui alipewa jibu kabla hajauliza, ndiyo maana akalichukia. Masala aliuliza kwanza, na jibu alilopewa likawa mzigo wake kwa hiari.

Najua utanipinga, msomaji wangu. Utasema: huyo Masala alikuwa na hiari gani? Dunia nzima imemezwa, amebaki yeye na mama yake. Nani mwingine angekwenda? Ni kweli. Lakini kuwa peke yako mahali penye haja si sawa na kuamriwa. Angeweza kukaa mafichoni na mama yake mpaka uzeeni, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa wa kulaumu wote walikuwa tumboni mwa zimwi.

Kesi iliyo ngumu zaidi ni ya mtu anayeitwa huku akiumia. Katika mila zetu, kazi ya ufumu haiombwi. Husemwa kwamba masamva, yaani wahenga waliotangulia, humteua mmoja wa ukoo, na dalili ya uteuzi ni ugonjwa. Mtu huugua, hapati nafuu, mpaka akubali kuupokea urithi. Shangazi yangu mmoja, ambaye sasa ni marehemu, aliugua hivyo. Alikuwa mshonaji, cherehani yake ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Hospitali alikwenda, dawa alimeza, usingizi ukamkataa na mwili ukaisha. Wazee wa ukoo wakasema ni babu yetu anayemtaka, kwa maana babu alikuwa mfumu. Yeye akasema hataki. Alikuwa muumini wa kanisa, na tena aliijua kazi ile inavyoweza kumharibu mtu.

Alijua nini? Alijua kwamba anayetibu kwa mizizi ataulizwa pia maswali yasiyo ya mizizi. Mtoto amekufa: nani amemuua? Ng'ombe wamepukutika: nani mwenye husuda? Na katika vijiji vyetu jibu la swali hilo lilijulikana kabla ya ramli kupigwa. Ni bibi kizee, mjane, mwenye macho mekundu. Macho yale yaliiva kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini, lakini nani atasema hivyo? Wanawake wengi wazee wa kanda hii wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya neno la mpiga ramli. Baadaye wakafuatwa ndugu zetu wenye ualbino, hata Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli mnamo Januari 2015.

Shangazi alikubali hatimaye, lakini kwa sharti lake. Aliwaambia wazee: "Baba zangu, mizizi nitachimba, na mwana nitampokea anayezaliwa. Lakini jina la mtu halitatoka kinywani mwangu." Wazee walinung'unika kwamba urithi haukatwi nusu. Hakubadilika. Nami nikiwa mvulana mkubwa nilikuwepo usiku mmoja walipokuja wanaume wanne wa jirani, waliozika mtoto siku hiyohiyo. Mimi ndiye niliyeshika kandili. Walitaka jina tu. Waliweka fedha juu ya mkeka, wakabembeleza, kisha wakatisha. Shangazi akawapikia uji. Akawaambia: "Wanangu, mimi naona mna msiba. Zaidi ya hapo sioni." Walikaa mpaka alfajiri, wakaondoka na fedha zao. Nyumba ya pili kutoka kwao aliishi kikongwe mmoja ambaye sote tulijua wanamfikiria yeye. Kikongwe yule alikufa miaka mingi baadaye, kitandani kwake.

Kama masamva walimwita kweli, sidai kujua. Lakini hili nalijua: hata kama aliitwa, namna ya kuitika ilikuwa yake. Mwito ulimpa kibuyu; haukumnyang'anya ulimi.

Hapa ndipo ninapoogopa wale wanaosema kwamba yote yamekwisha kuandikwa. Hatari ya imani hiyo si uvivu tu. Mwaka uleule wa 1999 waliouchagua watunzi wa Tokyo kwa hadithi yao, jirani zetu wa Uganda walikuwa na watu halisi waliofundishwa kwamba dunia inakwisha. Viongozi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu, akina Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, waliwaambia wafuasi wauze mali zao. Mwaka ukapita na jua likachomoza. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, mamia ya watu, watoto wakiwamo, waliteketea ndani ya jengo la ibada, na baadaye maiti nyingine zikafukuliwa katika nyumba za kundi hilo. Aliyejitangaza kuwa anajua mwisho alihitaji mwisho uje, hata ikibidi auwashe mwenyewe. Mpiga ramli anayetaja jina la kikongwe ni ndugu wa mtu huyo, ingawa moto wake ni mdogo.

Kinyume chake nakumbuka asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani jirani na uwanja wa Bukoba. Walikuwamo watu 43, na 19 walipoteza maisha. Waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana aliyesifiwa nchi nzima, anaitwa Majaliwa Jackson. Jina lake lenyewe lina maana ya kile tulichojaliwa na Mungu! Lakini hakuna aliyemtabiri. Mvuvi alikuwa ziwani kwa sababu ndiko riziki yake iliko. Kudura ilimweka karibu. Kasia alilivuta kwa mikono yake. Na angeweza kugeuza mtumbwi, kama anavyoweza kila mtu anayeona moshi kwa jirani.

Kwa hiyo jibu langu kwa mpwa wangu ni hili. Mtu ana haki ya kukataa, kwa sababu ukubali usioweza kukataliwa si ukubali, ni utumwa. Lakini akishakataa cheo, bado hajaikwepa haja. Kamui angeweza kuwafukuza watabiri wote wa Tokyo, na bado Kotori angehitaji mlinzi. Shangazi aliukataa utabiri, na bado akawafungulia mlango wafiwa wanne usiku. Methali zetu mbili, naona sasa, hazigombani. Kudura ndiyo iliyokiweka kitu mvunguni. Kuinama ni juu yetu.

Nimalizie kwa kipande cha ngano ya Masala ambacho wengi hukiruka. Alipokuwa akilipasua zimwi, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa tumboni. Bibi akatoka na hasira, akataka kumroga. Shujaa ametoka kuikomboa dunia, na tayari ana mtu anayemdai! Wasimulizi wa zamani hawakusema kwamba bibi yule aliuawa. Wanasema watu walimtafutia dawa, sikio likapona, na baada ya hapo ndipo Masala alipofanywa mtemi.