Chumba cha Pembeni



Huko Marekani, katika jimbo la Oklahoma, sheria ilikataza weusi na weupe kusoma pamoja. Mwaka wa 1948 mahakama iliamua kwamba kumnyima George McLaurin elimu ni kuvunja katiba. Huyu alikuwa mweusi, mwalimu mtu mzima mwenye shahada ya pili. Basi akapokewa Chuo Kikuu cha Oklahoma.

Lakini alipokewa vipi? Kiti chake kiliwekwa katika chumba kidogo cha pembeni kilichopakana na darasa, amsikilize mwalimu kutoka huko. Maktabani alitengewa meza yake ghorofani, asikae na wenziwe. Chakula alikula kwenye meza ya peke yake, kwa saa isiyokuwa yao. Baadaye akaingizwa darasani, akazungushiwa ugo wenye ilani kwamba hapo ni mahali pa weusi. Wenye chuo walijitetea kuwa somo analolipata ni lile lile! Tarehe 5 Juni 1950 majaji wa Mahakama Kuu, wote kwa kauli moja, waliamua kwamba kumtenga hivyo kwamzuia kujadiliana na wenziwe na kujifunza kazi yake.

Nasi twasema: Alhamdulillahi, msikitini safu yetu ni moja. Ni kweli. Lakini tukisha toa salamu? Akija kijana mwenye dini na tabia njema kuposa, huulizwa kwanza babu yake alikuwa nani, tena kwa sauti ya chini. Hicho si chumba cha pembeni? Abu Dharri, sahaba mkubwa, alimtukana mtu kwa asili ya mama yake, na Bwana Mtume (S.A.W.) akamkemea kuwa ungalimo ndani yake ujahili.

Mtu atajibu: kafaa imo vitabuni. Imo. Lakini wanazuoni wetu wa Kishafii wamesema ni haki ya mwanamke na walii wake. Wakiridhia, ndoa ni sahihi. Na Mtume mwenyewe alimshauri Fatima binti Qais, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama, mwana wa Zaidi bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Fatima kwanza hakupenda. Mtume akamrudilia shauri lile, akakubali. Mwenyezi Mungu akatia kheri katika ndoa ile, hata watu wakamwonea ghera.