Amani ya Siku Zangu Tu?

Somo: Isaya 38 na 39, Hesabu 27:1-11

Jumapili iliyopita nilipotangaza kwamba leo tutaongea juu ya wosia, niliona nyuso zikibadilika. Mzee mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Pasta, mbona unatuitia kifo?" Tukacheka, lakini nilienda nyumbani na hilo swali. Mimi mwenyewe nimelikimbia jambo hili miaka mingi, na kabla sijamaliza nitawaambia kwa nini.

Tuanze na Mfalme Hezekia. Yuko kitandani, mgonjwa sana. Nabii Isaya anaingia na ujumbe mgumu: mfalme apange mambo ya nyumba yake, kwa sababu hataamka tena. Hezekia akageukia ukuta, akaomba, akalia machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Haleluya! Mahubiri mengi huishia hapo. Tunapiga makofi, tunaenda kula chakula cha mchana.

Leo msiende. Fungua sura inayofuata.

Wageni wanafika kutoka Babeli. Hezekia amepona, amefurahi, anawatembeza nyumba yote: fedha, dhahabu, manukato, silaha. Hakuna kitu alichowaficha. Umeona? Mungu alikuwa amemwambia apange nyumba, yeye akaonyesha nyumba. Isaya akarudi kumwambia kwamba siku inakuja ambapo mali hiyo yote itabebwa, na baadhi ya wazao wake watachukuliwa. Na Hezekia akaona hilo neno si baya, maadamu siku zake yeye zitakuwa na amani.

Wapendwa, hilo jibu linanitisha kuliko ugonjwa wake. Tena 2 Wafalme 21 inasema Manase mwanawe alianza kutawala akiwa na miaka 12. Piga hesabu. Huyo kijana alizaliwa ndani ya ile nyongeza. Mungu alimpa baba muda, akampa na mtoto, na baba bado anawaza amani ya siku zake tu.

Sasa tuje hapa kwetu. Elgon View tunajua kuonyesha nyumba. Geti ni nzuri, kabro imepangwa, mgeni akija anatembezwa mpaka kisimani. Muulize mwenye nyumba hatimiliki iko wapi, bibi hajui. Muulize juu ya lile shamba la Moi's Bridge, akaunti ya sacco, hisa, ng'ombe walioko kwa shemeji. Kila kitu kiko kichwani mwa mtu mmoja, na hicho kichwa kinaendesha gari usiku kutoka Nairobi. Tukisema tunamwamini Mungu, ni vizuri. Lakini Yesu mwenyewe, akiwa msalabani katika maumivu, alimkabidhi mama yake kwa Yohana. Alipanga nani atamtunza. Je, hakuwa na imani?

Yako mambo matatu nataka uyashike.

1. Usipopanga wewe, wengine watapanga

Katika Hesabu 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, kuhani na wakuu, mlangoni pa hema. Baba yao amekufa bila mtoto wa kiume, na shamba linataka kwenda kwa wengine. Musa hakuwajibu kwa mila. Alimpelekea Bwana hayo maneno, na Bwana akasema hao wasichana wana haki.

Hapa mjini kwetu tumekuwa na mlango kama huo. Mawakili wanaijua kesi ya Rono dhidi ya Rono, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa hapa Eldoret mwaka 2005. Baba alifariki mwaka 1988 bila wosia, akaacha shamba, wajane wawili, wana na mabinti. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa mabinti sehemu ndogo kuliko wana. Rufaa ikasema hapana: kwamba msichana huenda akaolewa si sababu ya kumnyima. Hesabu mwenyewe, kutoka 1988 hadi 2005. Ni miaka 17. Watoto wamekuwa watu wazima wakitazamana kortini.

Kwa hivyo msiniambie ati mila yetu haina nafasi ya msichana. Sheria ya Urithi imekuwa ikitumika tangu 1981, na inaposema mtoto haiulizi kama ni mvulana au msichana, ameolewa au hajaolewa.

2. Nami nina deni

Hapa ndipo sauti yangu inapungua. Baba yangu alikufa bila wosia. Mama alikuwa ametangulia. Aliacha ekari 12 upande wa Ziwa. Tulienda kwa chifu kuchukua barua ya kuonyesha warithi, na barua ikaandikwa watoto wanne, sisi ndugu wanne wa kiume. Lakini tuko watano. Dada yetu, kifungua mimba wetu, aliyeacha shule ili sisi tusome, hakutajwa.

Mimi ndiye niliyeisoma ile barua kwa sauti mbele ya wazee. Nilikuwa nimeokoka. Nilikuwa nahubiri. Nilisoma majina manne, nikaikunja, nikasema amina. Kila mmoja akapata ekari tatu. Dada alikuwa jikoni akitupikia chai.

Ndoa yake ilipovunjika, alirudi na watoto wawili, akapanga chumba Langas. Nilikuwa nikimpelekea unga mwisho wa mwezi, na najua nilijisikia mkarimu. Unga, wapendwa! Nilimpa unga wa mahindi yaliyomea kwenye haki yake.

Mwaka huu, nikiandaa somo hili, nilishindwa kulala. Nikachukua karatasi: ekari 12 kwa watoto watano ni ekari mbili pointi nne kila mmoja. Maana yake kila ndugu ameshika pointi sita ya dada. Niliwaita ndugu zangu. Mmoja alikubali pale pale. Mmoja amesema atafikiri. Mmoja aliondoka bila kumaliza chai. Mimi sikungoja. Mpimaji wa ardhi amekuja, na yangu imekatwa. Tunangoja tarehe ya bodi ya ardhi. Nilipomwambia dada, hakulia wala hakunishukuru. Aliuliza tu, "Kwa nini hukusema siku ile?" Sina jibu. Naomba mnisamehe na ninyi, kwa sababu nimewafundisha habari za haki nikiwa nimekalia ya mwingine.

Baba hakuwa mtu mbaya. Kama angeandika ukurasa mmoja, nafikiri angemtaja. Alikuwa anampenda sana. Lakini upendo wake alikwenda nao kaburini, na sisi tukabaki na shamba.

3. Panga ukiwa na nguvu

Wosia si lazima uwe kitu kikubwa. Uwe na miaka 18 na akili timamu. Waweza kuuandika kwa mkono wako. Utie sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie zao. Anayepewa kitu asiwe shahidi, maana zawadi yake yaweza kuanguka. Taja msimamizi unayemwamini. Taja mali kwa namba zake. Ukioa au kuolewa baada ya kuuandika, jua kwamba kwa kawaida ule wa zamani unafutika, andika mwingine. Wale wanaosema "nitawaambia tu kwa mdomo", sheria inataka mashahidi wawili, na ukiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kusema, maneno hayo hayana nguvu. Na wosia si fimbo ya kumchapa mke au mtoto: uliyemwacha bila kitu anaweza kwenda kortini, na korti ikampa.

Wazazi wenye watoto wadogo, andikeni ni nani atakuwa mlezi wao. Aliyekuruhusu kwa hati ya uwakili kuuza au kusaini kwa niaba yake akifa, hiyo hati imekufa naye. Kutumia namba yake ya siri kutoa pesa kwa simu baada ya kifo chake ni kosa la jinai, hata kama ni za kununua jeneza.

Na ninyi mliowachukua watoto wa ndugu mkawalea kama wenu, Mungu awabariki. Paulo katika Warumi 8 anatumia picha hiyo hiyo kutueleza sisi ni nani kwa Mungu: watoto kamili, warithi pamoja na Kristo. Basi usimwache mtoto nusu njia. Mkamilishie kuasiliwa mahakamani, au mtaje katika wosia, asije akasimama siku ya matanga akithibitisha kwamba alikuwa mtoto wako.

Neno moja la mwisho: usiandike jina la pasta. Kama moyo wako unataka kulikumbuka kanisa, zungumza kwanza na familia yako, na mimi sitakuwa chumbani.

Tuombe. Baba, umetupa siku ambazo hatukustahili. Tusizitumie kuonyesha nyumba ulizotupa. Tupe ujasiri wa kukaa mezani na wake zetu, waume zetu na watoto wetu wote, wavulana kwa wasichana. Na pale tulipokalia haki ya mwingine, tuinue leo. Katika jina la Yesu, amina.

Kazi ya ushirika wa nyumbani wiki hii: Kila familia iandike karatasi moja ya mali na madeni yake, bibi na bwana pamoja. Halafu iandike majina ya watoto wote. Hesabuni tena kama wametimia.