Kunyamaza kwa Muuzaji

Twauliza neno hili: Mtu akiuza motokaa iliyokwisha kutumika, naye ajua ya kuwa injini yake ni mbovu, ila mnunuzi hakumwuliza, je, amemdanganya? Wengi hujibu, "Sikusema uwongo, macho anayo, angetazama mwenyewe."

Sisi twaona jibu hili halitoshi. Motokaa si kama embe sokoni, ambalo mnunuzi aweza kulibonyeza. Ubovu wake u ndani, na rangi mpya huuficha. Tena wako wairudishao nyuma mita ihesabuyo mwendo, ili chombo kilichochoka kionekane kijana. Marekani ilikataza jambo hilo kwa sheria ya nchi nzima mwaka 1972. Lakini ageuzaye mita, sheria yaweza kumshika. Anyamazaye tu, ni vigumu.

Wala hasara si ya mnunuzi peke yake. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi George Akerlof alieleza ya kuwa wanunuzi wasipoweza kutambua motokaa nzuri na mbovu, hutoa bei ya kati kwa zote. Basi mwenye nzuri huona amepunjwa, huiondoa sokoni, nazo mbovu husalia. Hivyo anyamazaye humdhulumu hata muuzaji mwaminifu.

Kwa hiyo mnunuzi na amlete fundi wake kabla ya kutoa fedha, na mapatano yaandikwe. Lakini muuzaji asingoje kuulizwa. Ajuaye na aseme. Maana bei ya haki ni ile ambayo wote wawili waijua sababu yake.