Kipimo na Kiasi

Lugha yetu ina maneno mawili yaliyo jirani sana, nayo ni kipimo na kiasi. Kipimo ni chombo au tarakimu itumiwayo kujua uzito, urefu, wingi au kasi ya kitu. Kiasi nacho chaweza kuwa na maana hiyo hiyo, walakini kina maana ya pili iliyo bora zaidi: hali ya kutozidi wala kutopungua. Mtu wa kiasi si mtu aliyepimwa. Ni mtu ajuaye mahali pa kukoma. Katika insha hii nataka tufikiri pamoja, ewe msomaji kijana, juu ya swali moja. Je, mtu aweza kuwa na vipimo vingi akakosa kiasi? Nadhani aweza. Tena nadhani jambo hili humpata mtu mwenye bidii upesi kuliko mvivu, kwa sababu mvivu hapimi kitu.

Yatupasa kuanza kwa kukipa kipimo haki yake. Sisi tukaao Endebess, chini ya Mlima Elgon, tu watu wa vipimo tangu zamani. Mavuno ya mahindi yakiisha, kila nyumba huzungumza habari ya vipimo. Mama sokoni huuza kwa gorogoro. Mnunuzi wa jumla huja na mizani na magunia ya kilo 90. Mkulima asiyepima huibiwa mchana kweupe, naye humshukuru mwizi wake. Ndiyo maana wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwili nao ni mali, tena ni mali ya kwanza, maana mtu asiye na afya hawezi kuitumia vema mali nyingine yoyote. Shinikizo la damu, kwa mfano, aghalabu hukaa mwilini miaka mingi bila kuonyesha dalili. Mgonjwa hulima, hucheka, hula na kulala, wala hajui kwamba ana adui ndani. Kinachomfichua adui huyo ni kipimo. Mtu akidharau vipimo kwa kujigamba kwamba mwili wake anaujua mwenyewe, amefanana na mlinzi afumbaye macho na kusema haoni mwizi.

Siku hizi vipimo vimetoka hospitali vikaja mkononi. Saa ndogo na simu huhesabu hatua za mtu, mapigo ya moyo wake na saa za usingizi wake. Watu wengi waliokuwa hawatembei wameanza kutembea kwa sababu ya hesabu hiyo, na hilo ni jema. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate dakika 60 kwa siku. Nani atajua kama amezifikia asipohesabu? Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni kipimo. Hata Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, ana desturi ya miaka mingi ya kuandika mazoezi yake daftarini. Mbio zile hazikuingizwa katika rekodi rasmi, kwa kuwa ziliandaliwa kwa namna ya pekee na wakimbiaji waliomwongoza kwa zamu. Lakini daftari lake ni funzo kwa kila mtu atakaye kusonga mbele.

Basi kosa liko wapi? Niruhusu nikueleze kosa langu mwenyewe, maana mwalimu asiyekiri makosa yake huwafundisha wanafunzi kuficha yao.

Miaka michache iliyopita ndugu yangu aliniletea zawadi ya saa ya kuhesabu hatua. Niliipenda mno. Nilijiwekea sharti la hatua 10,000 kila siku, na saa ilihesabu pia siku nilizotimiza sharti bila kukosa hata moja. Mwezi wa kwanza nilipata faida kubwa. Nilipunguza uzito, nikalala vizuri, nikaingia darasani asubuhi mwepesi wa mwili na wa akili. Mwezi wa pili mambo yakaanza kugeuka, nami sikuona. Usiku nilikuwa nikizunguka uani gizani, mbwa akinibwekea kama mgeni, kwa sababu nilipungukiwa hatua 700. Mguu uliponiuma niliendelea kukimbia, si kwa kuwa mbio zilinifaa, bali kwa kuwa nilikuwa nimefikisha siku 86 na niliona uchungu kurudi kwenye sifuri.

Asubuhi moja nilimsindikiza mama yangu barabarani apande gari la kwenda kliniki Kitale. Mama ana magoti mabovu, mwendo wake ni wa pole. Nilikuwa nikitangulia hatua 20, kisha nasimama na kuitazama saa, kisha natangulia tena, kwani kasi yangu ya wastani ilikuwa ikishuka. Mama alisimama katikati ya njia, akashika kiuno, akaniuliza bila hasira: “Mwanangu, ni nani anakungoja huko mbele?”

Sikuwa na jibu. Hapakuwa na mtu aliyeningoja. Palikuwa na tarakimu tu. Nilikuwa nimemwacha nyuma mama aliyenifundisha kutembea ili nipate sifa ya kutembea vema. Tangu siku hiyo nimelifikiri jambo hili, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kipimo huanza kazi kikiwa mtumishi, kisha hutwaa kiti cha bwana kimya kimya. Sababu yake ni nyepesi. Afya haionekani, tarakimu yaonekana. Afya haina siku ya kukamilika. Tarakimu hutimia jioni na kutupa furaha. Kwa hiyo moyo, ambao hupenda ujira wa papo hapo, huiacha afya na kuifuata tarakimu, huku ukijidanganya kwamba ni kitu kimoja. Lakini mahindi hayaongezeki kwa kupimwa mara nyingi. Mkulima akifukua mbegu kila asubuhi aone imeota kiasi gani, atajua habari nyingi za mbegu wala hatavuna kitu.

Pili, kipimo chenyewe mara nyingi ni kiumbe cha mwanadamu, nasi hukisujudia kama amri iliyoshuka kutoka juu. Tazama zile hatua 10,000 zilizonikosesha adabu. Hazikuanzia kwa matabibu. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kiwanda kimoja cha Japani kiliuza chombo cha kuhesabu hatua, kikakiita kwa lugha yao “kipima hatua elfu kumi”. Lilikuwa jina zuri la biashara, nalo likaenea duniani likawa sheria. Utafiti wa wanawake wazee wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walipungukiwa na vifo kuliko waliotembea hatua 2,700, na kwamba faida iliendelea kukua hadi kama hatua 7,500, kisha haikuongezeka tena. Sisemi kwamba hatua 10,000 ni mbaya. Kwa kijana mwenye nguvu ni chache. Nasema kwamba mtu asimkosee mzazi wake heshima kwa ajili ya jina la bidhaa.

Tatu, kipimo kikizidi huweza kuharibu kile kile kilichokuja kukilinda. Mwaka 2017 wataalamu wa usingizi mjini Chicago waliandika habari za wagonjwa waliokuwa wakihangaikia hesabu za usingizi zilizotolewa na vyombo vyao, hata hangaiko lenyewe likawa kizuizi cha usingizi. Wengine waliamini chombo kuliko uchunguzi wa hospitali. Je, huoni ajabu ya jambo hili? Mtu alitafuta usingizi kwa bidii hata akaufukuza.

Labda utaniuliza: Je, tuvitupe vipimo vyote? La, hasha. Huko ni kukimbia moshi na kuangukia motoni. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani ya kale, alifundisha kwamba wema hukaa kati ya upungufu na ziada, kama ushujaa ukaavyo kati ya woga na ujasiri wa kijinga. Lakini aliongeza jambo ambalo wengi hulisahau: kati hiyo si moja kwa watu wote. Alitoa mfano wa chakula, akasema kwamba kadiri iliyo ndogo kwa Milo, bingwa wa mieleka, ni kubwa mno kwa mtu aanzaye mazoezi. Maana yake ni kwamba kiasi hakiuzwi dukani pamoja na saa. Kila mtu hukitafuta kwa akili yake, kwa umri wake, kwa kazi yake, na kwa haja za watu waliomzunguka.

Pengine utanijibu kwamba mabingwa hawakupata ubingwa kwa kiasi, bali kwa kupita kiasi. Hoja hii ina nguvu, nami siwezi kuipuuza katika nchi iliyozaa wakimbiaji wengi namna hii. Walakini uangalie mabingwa kwa makini. Paavo Nurmi wa Finland, aliyepata nishani 9 za dhahabu katika Olimpiki za 1920, 1924 na 1928, alijulikana kwa kukimbia na saa mkononi, akiitazama ili ajue kasi yake. Lakini mbio zilipokaribia mwisho aliitupa saa ile majanini, akakimbia mkono mtupu. Alijua kwamba saa humfikisha mtu mahali fulani, na toka hapo lazima aende kwa moyo wake.

Tena tunaye mwingine wa karibu zaidi, mzaliwa wa nchi hii ya Mlima Elgon, naye ni Ben Jipcho. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, alisimama kwenye mstari wa mita 1,500 pamoja na Kipchoge Keino. Adui yao alikuwa Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, mtu wa kuogopwa katika duru ya mwisho. Jipcho alitoka mbele kwa kasi kubwa sana, akaivuta mbio tangu mwanzo katika hewa ile nyepesi ya mita 2,240 juu ya bahari. Keino alifuata, akashika uongozi, akashinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Jipcho mwenyewe alichoka, akaachwa nyuma bila nishani. Saa ya siku ile ilisema kweli kwamba Jipcho alikwenda polepole kuliko wenzake. Lakini ilikuwa kweli pungufu, maana saa haikujua alikimbia kwa ajili ya nani. Miaka minne baadaye, mjini Munich, alipata nishani ya fedha kwa miguu yake mwenyewe, na mwaka 1974 akapata dhahabu mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch. Kumsaidia mwenzake hakukumwondolea ubingwa.

Nawe, msomaji wangu, hata kama huna saa ya kuhesabu hatua, unayo kartasi ya alama za mtihani. Nayo ni kipimo. Nimewaona wanafunzi wanaouliza “Alama ngapi?” kabla ya kuuliza “Nimekosea wapi?” Nimewaona pia waliopata alama 90 kwa kukariri, na baada ya likizo hawakubaki na kitu. Ugonjwa ni ule ule, mavazi ndiyo mbali mbali.

Kwa hiyo nakushauri ujiulize maswali matatu kila utumiapo kipimo. La kwanza: Kipimo hiki kinapima nini, na ni nani aliyeniwekea mpaka huu? La pili: Nikikosa kukitimiza leo kwa sababu njema, kama ugonjwa, mgeni au kazi ya nyumbani, nitabaki na amani? La tatu: Je, watu wanaoishi nami wamefaidika na bidii yangu, au wameachwa nyuma njiani? Ukijibu vema, pima bila hofu. Ukishindwa kujibu, ivue saa siku chache uone kama miguu yako yakumbuka njia.

Mimi saa yangu ninayo hata leo. Naivaa siku tatu kwa wiki, nikipanda barabara ya kuelekea lango la Chorlim, na hunisaidia kama zamani. Lakini siku ya kumsindikiza mama huiacha mezani. Mwendo wetu ni wa pole, hatua zetu hazihesabiwi, na huzungumza mpaka tufikapo barabarani.